SOMO LA LEO: Daftari la mafunzo ya wafanyakazi, kwa mnaouza vyakula mtandaoni

Somo la leo ni la wale mnaouza vitu vya kula: siagi ya karanga, unga wa lishe, pilipili ya kusaga, achari, viungo vya chai, krispi, keki, asali. Anayeuza mitumba au viatu anaweza kulipita, ila kama una ndugu anayesindika chakula, mtumie.

Wengi wetu tukianza kufikiria alama ya ubora ya TBS, akili inaenda kwenye vitu vinavyoonekana. Tunapaka rangi chumba, tunaweka vigae, tunabadilisha lebo, tunanunua mzani mzuri, tunapeleka sampuli maabara. Vyote ni vya lazima. Halafu mkaguzi anakuja, anazunguka, anaridhika, kisha anamwangalia dada anayejaza makopo na kuuliza maswali kama haya:

1. Huyu alifundishwa nini kabla ya kuanza kazi hii?
2. Alifundishwa lini, na nani?
3. Ulijuaje kwamba ameelewa?

Mawili ya kwanza wengi wanayajibu kwa mdomo: "Nilimfundisha mwenyewe." Inawezekana ni kweli kabisa. Lakini kwenye ukaguzi, jambo lisiloandikwa huhesabiwa kama halikufanyika. Swali la tatu ndilo linalowakwamisha hata wale wenye mafaili mazuri. Nataka tukae sana kwenye hilo la tatu, maana ndilo linalomlinda mteja wako.

Kwanza, kwa nini wanauliza?

Hapa Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS mwaka 2019. Walioko Kenya wanaijua KEBS. Popote ulipo, msingi wa wakaguzi unafanana, kwa sababu wengi wanatumia kanuni za usafi wa chakula za Codex, chombo cha pamoja cha FAO na WHO. Kanuni hizo zilitoka mara ya kwanza mwaka 1969 na zikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2020. Mafunzo yana sehemu yake humo, na zinasema wazi kwamba kufundisha peke yake hakutoshi: ufuatilie kuona kama mafunzo yamefanya kazi.

Ukikua zaidi na kutaka cheti cha ISO 22000, kile ambacho wanunuzi wengi wa nje hupenda kukiona, utakuta sharti hilohilo. Toleo la mwaka 2018 linataka utunze ushahidi ulioandikwa kwamba kila mtu anayegusa usalama wa chakula ana uwezo wa kuifanya kazi yake. Zingatia neno hilo: uwezo. Hawakusema mahudhurio.

Kwa hiyo karatasi yenye kichwa "Semina ya usafi" na majina sita yenye saini inaonyesha watu sita walikaa chumba kimoja. Haionyeshi kama hata mmoja anajua kutenganisha karanga nzima na iliyoota ukungu.

"Mimi niko na mdogo wangu tu, hili linanihusu?"

Linakuhusu. Mfanyakazi hapa si lazima awe na mkataba na mshahara wa benki. Ni kila mtu ambaye mikono yake, macho yake au maneno yake yanaweza kuharibu chakula kabla hakijamfikia mteja. Chukua kalamu uhesabu:

- Wewe mwenyewe. Ndiyo, na wewe una ukurasa wako.
- Dada wa nyumbani anayekusaidia kusaga ukizidiwa na oda.
- Mdogo wako aliyefunga shule na anakuja kufunga mizigo.
- Vibarua wa siku mbili wakati wa msimu, Ramadhani au Krismasi.
- Anayefanya usafi na kuosha vyombo.
- Anayejibu meseji za WhatsApp na Instagram.
- Kijana wa boda, kama ni yuleyule anayebeba mizigo yako kila siku.

Huyo wa meseji wengi humsahau, na sisi wa mtandaoni ndiyo tunaye. Mteja anauliza inboksi, "Hii lishe ina karanga? Mwanangu ana aleji." Anayejibu akiandika "haina dear" bila kuangalia lebo, mtoto anaweza kufika hospitali jioni ileile. Mtu mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kufa kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo anayejibu meseji naye anafundishwa, anajaribiwa, anaandikwa. Kwangu ana sheria mbili. Swali lolote la aleji, asome lebo ya bidhaa hiyo kwanza na aseme pia kama tunatumia mashine moja na bidhaa yenye karanga. La pili, asimwambie mteja kwamba chakula chetu kinatibu kisukari au presha. Codex inakataza kukinadi chakula kwamba kinatibu ugonjwa, isipokuwa pale ambapo sheria za nchi zimeruhusu. Ukiandika kwenye tangazo, hilo tangazo nalo ni ushahidi dhidi yako.

Ufundishe nini?

Usikopi silabasi ya kiwanda kikubwa cha maziwa. Gawa mafunzo kwenye mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la wote, hata wa boda. Hapa funguo tano za WHO za chakula salama zinatosha kuanzia: kuwa msafi, tenganisha kibichi na kilichoiva, pika hadi kiive vizuri, tunza chakula kwenye joto salama, tumia maji na malighafi salama. Ongeza na kuripoti ugonjwa. Anayeharisha, kutapika, mwenye homa na koo linalouma, mwenye manjano, au mwenye kidonda chenye usaha mkononi, haingii sehemu ya chakula. Anasema kabla hajavaa aproni.

Hapo niongee kidogo na mabosi. Ukimlipa mtu kwa siku, na akisema anaumwa anarudishwa bila hela, hatasema. Atameza dawa na kuingia kazini. Umemfundisha vizuri, amejibu vizuri, amesaini, na bado anaharisha huku anajaza makopo. Mimi nimeamua siku ya kwanza ya kuumwa hivyo inalipwa. Inaniuma mfukoni, lakini ni ndogo kuliko kurudisha bechi nzima. Utaratibu wako wowote uandike, ili mafunzo na malipo visipingane.

Fungu la pili ni la kazi kwa kazi. Nichukue mfano wa siagi ya karanga, maana ndiyo ninayotengeneza.

*Kuchambua.* Hapa adui ni sumukuvu. Haina harufu, na hata zile punje zilizoonekana kupona zinaweza kuwa nayo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwaumiza watu 317 na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, wakafa watu 20. Hayo yalikuwa mahindi, ila karanga zina hatari hiyohiyo. Moto wa kawaida wa kukaanga hauimalizi. Kinachosaidia ni kununua karanga zilizokaushwa vizuri, kuzitunza pakavu, kutoa kwa mkono zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha kupima maabara. Kuchambua hakuchukui nafasi ya maabara, lakini asiyejua kuchambua anakuharibia kabla maabara haijafika. Na mfundishe pia kwamba zilizotolewa hazilishwi kuku, hazipewi jirani, haziuzwi kwa bei ya chini.

*Kukaanga.* Huyu anafundishwa joto, muda na kipimo cha karanga kwa mkupuo mmoja, jinsi mlivyokubaliana na kuandika. Moto ndio unaoua vijidudu kama salmonela.

*Kumenya maganda, kusaga na kujaza.* Hawa ndio wenye mikono hatari kuliko wote, kwa sababu baada ya kukaanga hakuna moto mwingine. Kitakachoingia hapa kinaenda hadi kwenye mkate wa mteja. Wanafundishwa kunawa kwa sabuni, kutogusa beseni la karanga mbichi, kutotumia chombo chenye majimaji, kuvaa neti ya nywele, kuacha pete na kucha za bandia nyumbani. Mabeseni ya mbichi yawe na rangi yake na ya zilizoiva rangi yake, ili hata asiyejua kusoma asichanganye.

*Lebo na kufunga.* Namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, kuangalia mfuniko umekaza.

*Kupeleka.* Mzigo haukai juani, haubebwi pamoja na mafuta ya taa wala sumu ya wadudu, na kopo lililofunguka linarudi, haligandishwi kwa selotepu njiani.

Unaona? Kila kazi ina mambo manne au matano tu. Hayo ndiyo unayofundisha, na hayohayo ndiyo unayojaribu.

Daftari lenyewe

Huhitaji programu ya kulipia. Kaunta buku moja inatosha. Kila mtu apewe kurasa zake, na juu ya ukurasa uandike jina lake kamili, tarehe aliyoanza kazi, na tarehe ya kuisha cheti chake cha kupima afya. Kisha kila fundisho linaingia kwa mtindo huu:

- Tarehe
- Kazi inayohusika
- Kilichofundishwa, kwa maneno ya kueleweka
- Aliyefundisha
- Namna alivyofundishwa na muda uliotumika
- Jaribio na matokeo yake
- Uamuzi: anaruhusiwa peke yake, au bado yuko chini ya uangalizi
- Saini ya aliyefundishwa na ya aliyefundisha
- Tarehe ya kuangaliwa tena

Sasa linganisha maandishi mawili. La kwanza:

"5 Machi. Mafunzo ya usafi na ubora. Ameelewa."

La pili:

"5 Machi. Kuchambua karanga mbichi. Ameonyeshwa aina nne za kutoa: zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu. Ameambiwa zilizotolewa zinaenda kwenye ndoo nyekundu na zinapimwa uzito. Kwa vitendo, dakika 40. Jaribio: ungo wa kilo 1 wenye karanga mbovu 20 zilizohesabiwa. Mara ya kwanza ametoa 16. Ameonyeshwa tena zilizobadilika rangi. Mara ya pili ametoa 20. Anachambua na mwenzake hadi 12 Machi, kisha ataangaliwa tena."

La kwanza halisemi kitu. La pili mkaguzi akilisoma anaona kazi imefanyika. Na usiogope ile 16. Watu wengi wanafikiri daftari zuri ni lile ambalo kila mtu kapata vyote mara ya kwanza. Kinyume chake, daftari ambalo hakuna aliyewahi kukosea linatia shaka. Kukosea kwenye jaribio ndiko kulikosababisha afundishwe tena, na kufundishwa tena ndiko kulikomwokoa mteja.

Namna ya kupima kama ameelewa

Usimuulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu "ndiyo bosi." Ziko njia tatu, na unachagua kulingana na kazi.

Njia ya kwanza, *afanye, wewe uangalie.* Inafaa kwa kunawa mikono, kuchambua, kujaza, kufunga. Mwangalie akinawa bila kumwambia unamwangalia: ametumia sabuni, amefika kati ya vidole na chini ya kucha, amesugua kama sekunde 20, amekausha na kitu safi? Andika ulichokiona.

Njia ya pili, *umtegee kitu.* Kama zile karanga 20. Au kopo moja lisilo na namba ya bechi katikati ya makopo 30. Au ndoo ya mbichi imewekwa upande wa zilizoiva. Je, anaona? Mtego ukishamalizika hesabu vitu vyako uvitoe vyote, usije ukausahau ukaenda kwa mteja.

Njia ya tatu, *maswali ya "ikitokea".* "Ikitokea umeme umekatika mashine ikiwa katikati, unafanya nini na kilichomo?" "Ikitokea glavu imechanika na huoni kipande kimeenda wapi?" "Ikitokea mteja anasema kopo lina harufu?" Andika jibu lake kwa maneno yake, hata kama ni ya mtaani. Jibu lake la kweli lina thamani kuliko sentensi nzuri uliyomtungia.

Kwa asiyejua kusoma na kuandika, jaribio ni la mdomo na la vitendo, na anaweka dole gumba. Andika pembeni kwamba amesomewa na amekubali. Kutokujua kusoma hakumzuii mtu kuwa mchambuaji bora. Kinachomzuia ni bosi aliyebandika maagizo ya Kiingereza ukutani akadhani amefundisha.

Lini urudie?

Kufundisha mara moja siku ya kuajiri hakutoshi. Mimi nina nyakati tano:

1. Kabla mtu hajaanza kazi. Kabla, siyo wiki mbili baadaye.
2. Anapohamishwa. Anayejua kuweka lebo hajui kukaanga.
3. Kitu kinapobadilika: mashine mpya, kifungashio kipya, msambazaji mpya wa karanga.
4. Baada ya malalamiko au kosa.
5. Angalau mara moja kwa mwaka kwa kila mtu, hata mkongwe. Wakongwe ndio wenye njia za mkato.

Vibarua wa msimu wapewe kazi ambazo mafunzo yake unaweza kuyamaliza asubuhi moja, kama kufunga maboksi na kubandika lebo chini ya uangalizi. Usimweke kibarua wa siku mbili kwenye kujaza.

Mkaguzi analisomaje daftari?

Ukijua anavyosoma, utajua unavyotakiwa kuandika. Mara nyingi haanzii kwenye daftari la mafunzo. Anaanzia kwenye karatasi za uzalishaji au orodha ya mahudhurio, anachagua siku moja, anachukua jina, kisha anasema: nionyeshe mafunzo ya huyu. Kama jina lipo kwenye uzalishaji wa tarehe 10 na mafunzo yake ni ya tarehe 25, una tatizo.

Baada ya hapo anamwendea mfanyakazi mwenyewe. "Dada, ukitoka chooni unafanya nini?" "Ukiona karanga ya namna hii?" Jibu la mdomoni likipishana na daftari, daftari ndilo linalopoteza.

Anaangalia pia rangi ya wino. Mwaka mzima wa mafunzo ulioandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila kosa wala ukurasa uliochafuka, huo umeandikwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Na wao wanajua.

Sitaki kuwatisha, ila nataka muelewe kupika karatasi kunafika wapi. Marekani, mwaka 2008 na 2009, siagi ya karanga na karanga za kampuni ya Peanut Corporation of America zilisababisha mlipuko wa salmonela. Watu 714 waliripotiwa kuugua, na vifo 9 vikahusishwa nao. Ilikuja kujulikana kwamba walipeleka mzigo kwa wateja na vyeti vya maabara vya uongo. Mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alihukumiwa miaka 28 jela mwaka 2015. Kampuni ile ilikuwa kubwa kuliko zetu zote hapa tukiunganishwa, lakini mchezo ulikuwa uleule: karatasi ilisema kitu ambacho chakula hakikusema.

Kama kwa miezi iliyopita hukuandika, usirudi nyuma kujaza. Anza leo na tarehe ya leo. Wapime watu wako wote upya, andika "tathmini ya kuanzia", na endelea. Mkaguzi akikuta miezi miwili ya kumbukumbu za kweli, ana cha kufanyia kazi. Akikuta mwaka mmoja wa uongo, hataamini hata lebo yako.

Utunzaji: daftari, simu na siri za watu

Piga picha kila ukurasa unaoandika, uiweke kwenye folda moja, na uhifadhi nakala nje ya simu, kwa barua pepe au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu huibiwa, daftari huloana. Picha ya mtu akifanya jaribio inasaidia, ila isibebe jukumu la maandishi.

Vyeti vya afya viwe kwenye bahasha tofauti unayoifunga wewe. Usivitume kwenye grupu la WhatsApp la kazini, na usimtumie mteja ili kumhakikishia usafi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni nyeti. Kwenye daftari andika tarehe tu: kimetolewa lini, kinaisha lini.

Utunze kwa muda gani? Kumbukumbu zako zizidi maisha ya bidhaa yako sokoni. Siagi yangu inakaa mwaka mmoja, kwa hiyo kurasa za mfanyakazi aliyeondoka nazitunza miaka mitatu tangu aondoke. Usichane ukurasa wa mtu kwa sababu mmegombana akaondoka. Kazi ya mikono yake bado iko kwenye makabati ya watu.

Siku malalamiko yakija

Tuseme mteja ametuma picha inboksi: siagi ina kipande cha plastiki ya bluu. Asiye na daftari ataita watu wote, atafoka, kila mtu atakataa, atamfukuza anayemshuku, na plastiki itaendelea kuingia.

Mwenye daftari anasoma namba ya bechi kwenye picha. Anafungua karatasi ya uzalishaji ya siku ile: alijaza nani, alisaga nani. Anafungua kurasa zao. Anakuta aliyejaza siku ile alikuwa wa lebo, alihamishwa kuziba nafasi ya mwenzake aliyeumwa, na hakuna mahali palipoandikwa amefundishwa kukagua glavu kabla na baada. Sasa tatizo lina jina, na jina hilo ni "mtu alihamishwa bila kufundishwa." Hapo unajua makopo mangapi ya kuzuia, nani wa kumpigia, na nini cha kurekebisha. Dada wa watu habebeshwi kosa ambalo ni la utaratibu, na mteja anapata jibu la kueleweka badala ya "pole sana dear".

Kwa sisi tunaouza mtandaoni hili ni kubwa. Mteja haoni jiko letu. Hajui nani kajaza kopo lake. Screenshot moja ya malalamiko inazunguka kwenye magrupu kabla hujamaliza chai. Ukiweza kusema "bechi hii, makopo haya 48, tumezuia, na hiki ndicho tumebadilisha", umesimama mahali ambapo wengi wanaanguka.

Kazi ya wiki hii

Usianze na yote. Fanya haya:

- Jumatatu: orodhesha kila mtu anayegusa chakula chako au anayemjibu mteja, na kazi anazofanya kweli, siyo cheo chake.
- Jumanne: kwa kila kazi, andika mambo manne ambayo akikosea, mteja anaumia.
- Jumatano hadi Ijumaa: mjaribu kila mtu kwenye kazi yake, kuanzia wale wanaofanya kazi baada ya moto. Andika matokeo yalivyo.
- Jumamosi: wafundishe waliokosa, wajaribu tena, wasaini. Piga picha kurasa.

Mwenye mtu mmoja atamaliza kwa siku moja. Mwenye watu kumi atahitaji wiki mbili, na ni sawa.

Ukihitaji mtu wa kukuelekeza ana kwa ana, ofisi za SIDO ziko mikoani na wanasaidia wasindikaji wadogo, na bwana afya au bibi afya wa kata yako ukimfuata kabla hajakufuata yeye, atakufundishia watu wako vizuri tu. Akija kufundisha, usisahau: naye anaingia kwenye daftari, jina na tarehe, na watu wako unawajaribu palepale akiwepo.

Mwenye swali aandike bidhaa anayouza na idadi ya watu wake, nitamjibu kwa kazi yake yenyewe. Biashara njema.